Mjadala: Je, Sheria ya Ndoa humfikia mke kabla nyumba haijauzwa?

Kila inapozungumzwa haki ya mwanamke katika ndoa, husemwa kwamba Tanzania ina sheria nzuri na kwamba kilichobaki ni kuwaelimisha wanawake wazijue. Sikubaliani na hoja hiyo, na ningependa tuijadili kwa kutazama vifungu vyenyewe.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, pale inapotoa talaka au amri ya kutengana, na kinaitaka ipime mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Kwa miaka mingi majaji walitofautiana kama kupika, kufua na kulea watoto ni mchango. Mahakama ya Rufani ilimaliza ubishi huo mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilipoamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Ni hukumu kubwa. Hata hivyo, Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe alizitumia vibaya, na hizo zilitosha kuwa fungu lake.

Kinachonisumbua zaidi ni wakati ambao kifungu hicho huanza kufanya kazi. Mke hukitumia ndoa ikiwa imeshavunjika, akiwa ameshapita baraza la usuluhishi, huku nauli na matunzo ya watoto vikimwelemea, kisha anatakiwa kuthibitisha alichochangia. Aliyelima shamba ambalo mavuno yake ndiyo yaliyonunua mabati hana hata risiti moja yenye jina lake, ilhali mume ana bahasha nzima ya risiti za saruji, mbao na misumari, zote zikiwa na jina lake. Hapo elimu ya sheria itamsaidia nini?

Linganisheni na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Rehani ya nyumba ya ndoa haiwi halali bila ridhaa ya mwenzi, na mkopeshaji amepewa wajibu wa kuchukua hatua za kuridhisha ili kujua kama mwombaji ana mwenzi. Huo ndio ulinzi ninaouamini, kwa sababu mke hahitaji kujua kifungu wala kumshtaki mumewe. Ni afisa mikopo anayelazimika kumuuliza, fomu ikiwa bado iko mezani. Najua wapo waume wanaoapa kwamba hawana mke, na viapo hivyo vichunguzwe kwa ukali zaidi, lakini angalau yupo mtu ambaye sheria inaweza kumwajibisha.

Mtu wa kuwajibishwa namna hiyo hayupo kila mahali: kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa, kwa mfano, kinatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inaruhusu. Tamko hilo ni zuri, lakini kifungu chenyewe hakimtaji yeyote anayepaswa kuchukua hatua.

Wapo wanaosema kwamba kudai ridhaa ya mke kunachelewesha biashara na kumpa nguvu ya kuzuia kila kitu. Kuchelewa kwa siku chache ni jambo dogo mno mbele ya familia kukosa pa kulala. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa tayari kinakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi, lakini mauziano mengi huandikwa kwenye karatasi ya kawaida, mbele ya kiongozi wa mtaa na mashahidi wawili watatu, bila mke kuitwa.

Pendekezo langu ni kwamba kiongozi anayegonga muhuri kwenye mkataba wa namna hiyo awajibike kisheria kumsikiliza mke kwanza, na akipuuza, aadhibiwe yeye binafsi. Anayepinga atueleze ni nani mwingine atakayemuuliza mke kabla fedha hazijabadilishana mikono.