Mjadala: Wakomunisti humdhibiti mkubwa wao, au mkubwa ndiye hukimiliki chama?

Mwenye mada, Nakuru
Kila msimu wa mchujo hapa Nakuru hoja ni ileile: vyama vyetu ni mali ya mtu mmoja, ilhali wakomunisti wana kamati zenye uwezo wa kumng'oa hata mkubwa wao. Tuipime. Kwenye karatasi, mkutano mkuu huchagua Kamati Kuu, nayo Kamati Kuu huchagua Politburo, yaani kamati ndogo ya wakubwa wa chama, na katibu mkuu, ambaye ndiye mkubwa wa chama. China mwaka 2022 ilipata Kamati Kuu ya wajumbe kamili 205, Politburo ya watu 24, na juu yake kamati ya kudumu ya watu 7.

Mimi nasema ngazi hiyo hujengwa kuanzia juu. Kule Urusi ya Kisovieti, Stalin alipewa ukatibu mkuu wa chama Aprili 1922, kazi iliyoonekana ya makaratasi tu. Lakini sekretarieti, ofisi aliyoiongoza, ndiyo iliyopanga nani awe katibu wa mkoa gani. Makatibu wa mikoa wakawa na sauti kubwa kuhusu nani aende mkutano mkuu, na mkutano mkuu ukachagua Kamati Kuu. Lenin, kiongozi wa mapinduzi, aliandika Januari 1923 kwamba Stalin aondolewe ofisini. Wajumbe wakasomewa maneno hayo Mei 1924, Lenin akiwa ameshafariki. Stalin hakuguswa, kwa kuwa wengi wa waliosomewa walikuwa wameshapita mikononi mwake.

Mchangiaji, Kisumu
Ndugu, umemruka Khrushchev, aliyeongoza chama cha Kisovieti baada ya Stalin, na kwake ndiko kuna somo. Juni 1957 wakubwa wenzake walimkataa kwa kura 7 dhidi ya 4. Kwa hesabu hiyo alikuwa ameisha. Akagoma, akasema aliyechaguliwa na Kamati Kuu huondolewa na Kamati Kuu. Marshal Zhukov akatoa ndege za jeshi kuwaleta wajumbe Moscow kutoka mikoani, na wale 7 wakajikuta wachache. Kati ya hao 7, Molotov akatupwa Mongolia kuwa balozi, Malenkov akapelekwa Kazakhstan kusimamia kituo cha umeme.

Sasa tazama Oktoba 1964. Mtu ni yuleyule, kanuni ni zilezile. Safari hii Brezhnev, aliyekuja kushika nafasi yake, na wenzake walikuwa wamezungumza na wajumbe kabla. Khrushchev alikuwa mapumzikoni Pitsunda; akapigiwa simu tarehe 12, akarudi Moscow tarehe 13 na kupokewa uwanja wa ndege na mkuu wa KGB, idara ya usalama wa taifa, tarehe 14 akaondolewa. Wananchi wakaambiwa ni uzee na afya. Kwa hiyo kamati inaweza kumng'oa mkubwa, ila ushindi ni wa anayewafikia wajumbe kwanza, na anayeshika simu, ndege na walinzi.

Mchangiaji, Kakamega
Tusijifanye mambo haya ni ya Moscow pekee. Machi 1966 kule Limuru, KANU haikumshinda Jaramogi kwa kura ya ana kwa ana. Iliufuta wadhifa wake wa makamu wa rais wa chama, ikaweka makamu 8 mahali pake. Mwezi uliofuata akajiuzulu serikalini na kwenda KPU, chama cha upinzani. Wachina walimshusha Hua Guofeng, mrithi wa Mao, polepole zaidi: uwaziri mkuu 1980, uenyekiti 1981, na mwaka 1982 cheo chenyewe cha mwenyekiti wa chama kikafutwa. Lakini walimwachia kiti cha Kamati Kuu hadi 2002. Naliona hilo kuwa la maana, kwa sababu aliyeanguka akijua hatafungwa hapigani hadi mwisho. Zhao Ziyang, katibu mkuu aliyeondolewa 1989, hakupata bahati hiyo: alikaa kifungoni nyumbani kwake hadi alipofariki 2005.

Mchangiaji, Eldoret
Vietnam inawakatalia nyote. Kati ya Januari 2023 na Aprili 2024 walijiuzulu marais wawili na spika wa bunge. Ni chama gani chetu kingethubutu?

Mwenye mada, Nakuru
Dada wa Eldoret, ni kweli walianguka. Ila angalia aliyeinuka: To Lam, aliyekuwa waziri wa usalama wa umma, wizara yenye polisi wa uchunguzi. Alikuwa rais Mei 2024, katibu mkuu Agosti. Anayeshika mafaili hachunguzwi kwa urahisi.

Nakubaliana na ndugu wa Kisumu kuhusu 1957 na 1964, kura ile ilikuwa na meno. Kinachonisumbua ni jinsi meno yanavyong'olewa kimyakimya. China mwaka 2007 iliwaketisha viongozi zaidi ya 400, kila mmoja akapewa karatasi yenye majina karibu 200 aonyeshe anaowataka Politburo. Haikuwa kura ya kuamua, lakini wakubwa walijua nani anapendwa na nani hapendwi. Wakarudia 2012. Kufikia 2017 utaratibu huo uliachwa, kwa maelezo kwamba watu kama Zhou Yongkang, aliyekuwa mkuu wa usalama, waliutumia kununua kura. Badala yake viongozi wakaitwa mmoja mmoja kutoa maoni ana kwa ana, na Xi Jinping mwenyewe, katibu mkuu wa chama, alikuwa miongoni mwa waliowasikiliza. Niambieni, ni nani angekaa mbele yake na kutaja jina la mpinzani wake?