Mjadala: Je, filamu ya Chemmeen iliwaonea wavuvi wa Kerala?

Mwanzisha mada: Chemmeen ya Ramu Kariat (1965), iliyotokana na riwaya ya Thakazhi Sivasankara Pillai, ilikuwa filamu ya kwanza ya kusini mwa India kutunukiwa medali ya dhahabu ya Rais. Mimi nasema iliwaonea wavuvi. Karuthamma, binti wa mvuvi Mhindu, anampenda Pareekutty, mfanyabiashara Mwislamu wa samaki, lakini anaozwa kwa Palani. Imani inayotajwa ni kwamba mke akimsaliti mume aliye baharini, Kadalamma, yaani Mama Bahari, humchukua mume. Usiku wa mwisho wapenzi wanakutana na Palani anazama. Si ndiyo kuuthibitisha ushirikina huko?

Mhariri wa picha: Hapo lawama ni ya mpangilio wa picha. Ufukweni, baharini, kisha ufukweni tena. Ukipishanisha matukio mawili hivyo, mtazamaji anaona moja limezaa lingine hata kama hakuna aliyetamka. Ungemaliza la baharini lote kwanza, ndipo urudi nchi kavu, hukumu ya Kadalamma ingebaki uvumi wa watu tu.

Msomaji wa riwaya: Mkuu, usimtwike Kariat peke yake, Thakazhi naye aliyakutanisha matukio hayo usiku mmoja. Ila mnapita juu ya deni! Chembankunju, baba wa binti, alipata chombo na nyavu kwa fedha za Pareekutty, kwa ahadi kwamba atamuuzia samaki. Alipoanza kuvua akamnyima. Mfanyabiashara akafilisika, na binti ndiye aliyeibeba aibu ya mkopo ule. Hiyo ni biashara mbovu, haina uhusiano wowote na mizimu ya bahari.

Mvuvi wa mshipi: Jiulizeni kwanza kwa nini Palani alikuwa peke yake. Wenzake walishakataa kwenda naye kwa sababu ya maneno kuhusu mkewe. Papa mkubwa kwa mshipi wa mkono anataka watu wawili: mmoja anaulegeza na kuuvuta mshipi, mwingine yuko tezi, yaani nyuma ya chombo, na kafi, anahakikisha omo, yaani mbele yake, inaelekea anakovuta samaki. Ukiwa mmoja, mikono yote iko kwenye mshipi. Chombo kikikingama mbele ya wimbi, kinajaa maji au kinapinduka. Anayeng'ang'ania mshipi badala ya kuukata ndiye anayekwenda nao. Kwa hiyo imani ile iliua kweli, lakini iliua kwa kumnyima baharia wa pili.

Mwanzisha mada: Hoja nzito, nakubali. Ila filamu inakutajia kususwa huko, halafu dakika za mwisho inakupa bahari yenye hasira. Mtazamaji anatoka na lipi?

Msomaji wa riwaya: Anatoka na nyimbo, ndugu yangu. Salil Chowdhury alitunga muziki, na Manna Dey alipoimba "Manasa Maine Varu" Pareekutty akageuka kuwa mpenzi wa kuhurumiwa tu. Hakuna anayekumbuka kwamba mtu yule anadai.

Mhariri wa picha: Basi wimbo umefanya kosa lilelile la picha zangu. Ningeuacha ulivyo, lakini hapo kabla ningeweka onyesho moja refu la wenzake Palani wakisukuma chombo majini na kumwacha mchangani.