Kwa nini mvua za masika hukatika katikati ya msimu?

Mkulima wa Rombo:
Wanajamvi, salaam. Utabiri wa masika unaweza kutaja mvua za wastani hadi juu ya wastani, zikaanza vizuri mwezi Machi, kisha zikakatika wiki mbili mahindi yakiwa na majani manne tu. Wakati huohuo ndugu zetu wa Tanga na Pemba husema kwao kunanyesha. Ni nini kinachozikata, na je, inawezekana kujua mapema?

Mfuatilia Anga:
Ndugu mkulima, sababu mojawapo kubwa ni mzunguko wa Madden-Julian, ambao Roland Madden na Paul Julian wa Marekani waliueleza mwaka 1971. Ni eneo pana la mawingu mazito ambalo kwa kawaida huanzia Bahari ya Hindi na kusafiri kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban mita 5 kwa sekunde, likifuatiwa na eneo la hewa inayoshuka, ambayo huzuia mawingu kukua. Mzunguko mzima huchukua siku 30 hadi 60, kwa hiyo ndani ya masika moja mvua zinaweza kuja, zikakatika na kurudi, na bado jumla ya msimu ikafikia wastani kama ilivyotabiriwa. Jumla hiyo haimwonyeshi mkulima pengo la wiki mbili, nalo ndilo linalounguza mahindi machanga.

Mkaa Pwani:
Kuhusu pwani: mawingu hayo yanapokuwa juu ya Bahari ya Hindi, pepo za magharibi huweza kuleta unyevu kutoka bonde la Kongo hadi nyanda za juu, kama ilivyotokea Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipokuwa karibu na Madagaska na Kenya ikapata mvua kubwa mno. Yakishahamia Pasifiki, pepo za mashariki hupata nguvu. Nyanda za juu hukauka, ilhali sisi wa mwambao hupata mvua itokayo baharini.

Mkulima wa Rombo:
Nashukuru sana. Na vuli je?

Mfuatilia Anga:
Vuli hufuata zaidi hali ya joto la bahari. Mwaka 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko kawaida, nasi tukapata mafuriko. Masika haifungamani hivyo na El Niño, ndiyo maana utabiri wake wa msimu ni mgumu zaidi. Mzunguko wa Madden-Julian, hata hivyo, huweza kutabirika wiki mbili hadi tatu kabla, kwa hiyo kabla ya kuweka mbolea ya kukuzia, tazama utabiri wa siku 10 badala ya kutegemea ule wa msimu peke yake.