Kikundi cha Ukoo: Paa la Bibi Linavuja

Mama Mdogo Mwanaidi: Asalaam alaykum. Mvua ya jana imeingia chumbani kwa mama, nimekinga ndoo usiku kucha.

Salimu: Waalaykum salaam, shikamoo mama. Poleni sana. Kesho alfajiri napanda kugonga misumari, kazi ya nusu saa tu.

Mjomba Hatibu: Salimu, alfajiri usipande. Bati lenye umande linateleza hata ukiwa peku. Subiri jua likaushe, na saa sita uwe umeshashuka. Ngazi unayo?

Salimu: Shikamoo mjomba. Ipo ile ya mbao ya jirani.

Mjomba Hatibu: Marahaba. Yenye kidato kilichofungwa kamba? Hiyo hapana, nakuja na yangu ya alumini. Waya wa umeme unaingilia upande gani?

Dada Zuhura: Wa jikoni mjomba, umening'inia karibu kabisa na bati.

Mjomba Hatibu: Basi ngazi iwekwe upande wa pili. Alumini na bati vyote vinapitisha umeme, na waya ule wa kutoka nguzoni una umeme hata mkizima swichi kubwa ya ndani. Tundu likiwa huko jikoni, hatupandi mpaka TANESCO waje wakate nguzoni.

Rama: Mimi nitashika ngazi.

Mjomba Hatibu: Vizuri, na simu uiache ndani. Ukingo ukiwa mita 4 kutoka chini, miguu ya ngazi ikae mita 1 kutoka ukutani. Juu ipite bati karibu mita 1, apate pa kushika anapohamia paani. Pale pana mchanga, tutatandika ubao mpana.

Salimu: Na kamba ya kujifunga nisianguke inahitajika kweli? Nyumba yenyewe fupi.

Mjomba Hatibu: Mwanangu, ukipita na bati unaangukia sakafu ya simenti ya chumbani. Mita 3 zinatosha kuvunja uti wa mgongo. Nitaazima mkanda wa usalama, ule wa mabega na mapaja, maana kamba ya kiunoni inamuumiza mtu akining'inia. Kamba ya mkanda huo tutaifunga upande wa pili kwenye mwembe. Halafu kanyaga kwenye mstari wa misumari, ndipo zilipo papi, mbao zinazobeba bati. Bati lenye kutu katikati halibebi mtu.

Mama Mdogo Mwanaidi: Kaka, na yale mabati ya kijivu ya stoo? Nako kunavuja.

Mjomba Hatibu: Dada, yale ni asbesto. Asiyakanyage mtu, yanapasuka ghafla. Wala msiyatoboe, msiyakate, msiyasugue! Vumbi lake linakaa mapafuni na kuleta saratani miaka mingi baadaye. Toeni vitu stoo, paa lile tutatafuta wenye vifaa vyake.

Dada Zuhura: Watoto nitawapeleka kwetu, wasipite chini nyundo ikadondoka.

Salimu: Na kukinyesha tena usiku?

Mjomba Hatibu: Tunaahirisha. Jioni hii njoo na Rama mhamishe kitanda cha mama, mkiweke upande wa mlangoni.