Mrejesho: lile jengo-daraja la chuo

Wakuu, niliuliza jengo-daraja la kuunganisha vitivo viwili juu ya barabara ya chuo litasimamaje bila nguzo katikati. Nimeenda na wazo la trasi (fremu ya vyuma vilivyoungwa kwa pembetatu), kuta zote mbili za ubavuni ndo trasi zenyewe, kimo cha ghorofa nzima, na vyuma vya mshazari nimeviacha vionekane madirishani, imetoka poa sana. Ncha moja imefungwa, nyingine inateleza kwenye beringi (kitako kinachoruhusu kusogea) ili chuma kikitanuka kwa joto kisisukume majengo. Kazi ngumu ilikuwa mtikisiko wa sakafu watu wakitembea, maana mtu hupiga kama hatua 2 kwa sekunde na vipindi vikiisha wanatoka wote, mnakumbuka Millennium Bridge, daraja la waenda kwa miguu la London, 2000 ilifungwa siku mbili tu baada ya kufunguliwa kwa sababu iliyumba watu wakipita, so sakafu nimeikaza zaidi. Zile ngazi za watu kukalia nilizochora zinabaki, hata kama mhadhiri wangu hazipendi, anune tu.