Friji iliyobanwa kati ya ukuta na kabati: joto lake litokee wapi?

Swali

Ndugu wachangiaji, naomba ushauri wenu. Jikoni kwetu friji imesukumwa ndani ya pengo kati ya ukuta na kabati, mgongo wake unagusa ukuta, na juu yake kuna kabati jingine lililofika hadi darini. Pande zake hupata moto kiasi kwamba huwezi kuuacha mkono hapo kwa muda, na kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya friji, hunguruma karibu usiku kucha, ingawa ndani kunapoa vizuri. Nimeshauriwa na mmoja nipandishe namba ya ubaridi ili ipoe upesi na kupumzika. Mwingine anasema gesi imepungua. Je, mahali ilipo pekee panaweza kusababisha hali hii?

Jibu la 1: Fundi wa mafriji

Panaweza, na dalili ulizozitaja zinaelekea huko. Friji huchota joto lililomo ndani na kulitoa nje, likiwa limeongezewa na lile linalotokana na umeme inaoutumia yenyewe. Zamani mabomba ya kutolea joto, yaani kondensa, yalionekana mgongoni kama wavu mweusi. Katika friji nyingi za sasa yamefichwa ndani ya bati la pembeni, ndiyo maana kuta zake kuwa na joto si ugonjwa. Ugonjwa ni pale joto hilo linapokosa pa kwenda. Kondensa hutoa joto ikiwa tu ni ya moto kuliko hewa inayoizunguka, kwa hiyo hewa iliyonaswa kwenye pengo ikipata moto, presha ya gesi hupanda nayo, na kompresa hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Kwa makadirio yetu sisi mafundi, kila nyuzi 1 inayoongezeka kwenye kondensa hupandisha matumizi ya umeme kwa asilimia 2 hadi 4.

Gesi ingekuwa imepungua, ungeona kinyume chake: pande zingekuwa vuguvugu tu, na ndani kusingepoa. Hiyo namba nayo usiipandishe, kwa sababu haiharakishi chochote katika friji ya kawaida. Inaiambia kompresa ichelewe zaidi kuzima. Nyuzi 4 kwenye friji na 18 chini ya sifuri kwenye friza zinatosha. Kuhusu nafasi, fuata kijitabu cha maelekezo. Kama kimepotea, acha angalau sentimita 5 nyuma na kila upande, na juu zaidi ya hapo.

Jibu la 2

Nakubaliana na fundi, ila sentimita peke yake zinaweza kumdanganya mtu. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo inahitaji mlango wa kuingilia chini na wa kutokea juu. Ukiacha sentimita 5 nyuma huku kabati la juu limeziba hadi ukutani, umechimba kisima cha joto. Weka kipimajoto nyuma ya friji upande wa juu na kingine katikati ya jiko, kisha uvisome baada ya kompresa kunguruma kwa muda. Tofauti ikiwa kubwa, hewa haitembei. Angalia pia herufi zilizo kwenye kibandiko cha friji: N ni ya chumba kisichozidi nyuzi 32, ST 38, na T 43. Friji ya N iliyofungiwa kwenye pengo la nyuzi 40 inafanyishwa kazi ambayo haikuundiwa.

Jibu la 3

Niongeze la ndani. Friji zisizoganda barafu husambaza ubaridi kwa feni kupitia vitundu vya ukuta wa nyuma wa ndani, na chombo kikiviziba, rafu moja hubaki na joto huku kompresa ikihangaika. Mpira wa mlango nao ujaribu kwa kubana karatasi: ikichomoka bila kukaza, hewa inapita.

Mwenye swali

Nawashukuru sana. Nimeivuta friji hadi katikati ya jiko, na sasa kompresa inazima na kukaa kimya kwa vipindi virefu. Tatizo ni kwamba kabati la juu haliwezi kuondolewa na friji haina pengine pa kukaa. Nifanye nini?

Fundi wa mafriji

Basi kata kabati, uache friji. Seremala atoboe sakafu ya kabati la juu kwa nyuma, na tundu jingine juu kabisa, ili hewa ipande kama kwenye bomba la moshi. Kila tundu lisipungue sentimita 200 za mraba. Kisha irudishe friji bila kuufikisha mgongo ukutani, hata kama mlango wake utajitokeza kidogo mbele ya kabati. Seremala asipigilie msumari wala skrubu kwenye bati la friji, kwani mabomba yamepita humo, na friji nyingi za sasa hutumia gesi ya R600a, ambayo hushika moto.