Redio mnaotutangazia "namba moja ya mwaka", mnahesabu nini?

Wakuu salaam. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ile ya nani mkali kati ya fulani na fulani. Mimi sina timu. Nina kibanda.

Kibanda changu kiko Mbagala, jirani na stendi ya Rangi Tatu. Kompyuta moja, spika mbili, feni inayopiga kelele kuliko spika, na foleni ya watu wanaotaka kuwekewa nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Anakuja konda: "Fundi, futa hizo zilizochuja, niwekee zinazokimbiza." Anakuja mama wa genge, yeye anataka taarabu na kwaya kwenye kadi moja, kwa hiyo mapambio na mipasho vinalala folda jirani na hakuna anayegombana. Anakuja dogo wa bajaji, huyo hana maelezo mengi, ni singeli mpaka kadi iseme imejaa. Kila ninachoombwa naandika kwenye daftari, ili usiku nikiwasha bando la bei nafuu nijue cha kutafuta.

Sasa, Jumamosi ya mwisho ya mwaka, redio moja ya hapa mjini (siitaji, wenye masikio mnaijua) walisoma nyimbo zote zilizoshika namba moja kwenye chati yao, wiki kwa wiki, Januari mpaka Desemba, halafu wakautangaza wimbo wa mwaka. Nilikaa na daftari mapajani mwanzo hadi mwisho. Wakuu, nilidhani wanasoma chati ya nchi nyingine.

Wasanii walioshika namba moja mwaka mzima unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kuna wimbo ulikaa juu mpaka mtangazaji mwenyewe akawa anautaja kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Kwangu uliombwa mwezi wa kwanza, ukaisha hapo. Kuna mwingine uliachiwa siku ileile ya kipindi, saa sita mchana. Kipindi kinaanza saa nane. Saa tisa na nusu uko namba moja! Nani alipiga kura, na saa ngapi? Mimi mwenye kazi hiyo nilikuwa hata sijamaliza kuupakua.

Na singeli? Hakuna. Hata moja. Muziki uliozaliwa Manzese, Tandale na Mburahati, ambao kigodoro chochote (zile sherehe za usiku mtaani) kuanzia Gongo la Mboto mpaka Tegeta hakinogi bila huo, kwenye chati ya Dar es Salaam haupo mwaka mzima. Kuna ngoma ya kijana mmoja wa Mburahati niliombwa kuanzia kabla ya Ramadhani mpaka Idd imepita, mpaka ikafika mahali nikiona mtu anakuja na flashi naanza kuinakili kabla hajafungua mdomo. Tuliipigia kura kijiwe kizima. Ile ya "tuma neno kura, acha nafasi, andika jina la wimbo". Tukakatwa salio, tukajibiwa "asante kwa kushiriki". Haikuingia hata kumi bora. Nikapiga simu kituoni, nikapokelewa na dada mpole kweli, akaniambia, "Kaka, tuna vigezo vyetu vya ndani." Vya ndani ya nini, dada yangu?

Hapo ndipo hasira iliponipeleka kusoma wenzetu wanafanyaje. Nimesoma siku tatu, bando langu mwenyewe.

Chati ya kwanza ya singo (wimbo mmoja mmoja, si albamu) kule Uingereza ilitoka tarehe 14 Novemba 1952, kwenye gazeti la muziki la New Musical Express. Unajua waliipataje? Jamaa mmoja wa gazeti hilo, Percy Dickins, alikuwa anapiga simu kwenye maduka ya santuri anauliza wiki hii nini kimeuzika. Basi. Simu na karatasi. Namba moja ikatoka ya mwimbaji Al Martino, ikakaa juu wiki 9. Na kwa kuwa nyimbo nyingine zilifungana, orodha ya nafasi 12 ikatoka na nyimbo 15, wakaichapa hivyohivyo. Hawakuificha sare. Hebu niambieni, ni lini redio yoyote ya mji huu iliwahi kupigia simu kibanda cha nyimbo Mbagala, au Buguruni, au Kariakoo, ikauliza leo watu wametaka nini? Mwaka 1952 waliweza, sisi leo tuna simu mbilimbili mfukoni.

Sehemu iliyoniuma zaidi ni ya Marekani. Miaka mingi Billboard, jarida la muziki linalotoa chati za huko, nao walitegemea maduka kuripoti kwa mdomo, na mwenye duka alikuwa anaweza kutaja anachopenda au alichopewa mzigo wake bure. Mwaka 1991 wakabadilisha, wakaanza kutumia hesabu ya mashine ya kaunta, ile inayosoma mistari myeusi kwenye kasha. Chati ya albamu ikabadilika ndani ya wiki chache. Kantri na rap, ambazo zilikuwa zinachukuliwa kama muziki wa pembeni, zikapanda ghafla. Mwezi Juni mwaka huohuo kundi la rap la N.W.A wakashika namba moja ya albamu. Wale wanunuzi hawakuzaliwa mwezi huo. Walikuwepo, pesa walikuwa wanatoa, ila aliyekuwa anajaza fomu hakuwaona. Someni tena hapo halafu mfikirie singeli. Dogo wa bajaji wangu ndiye huyo ambaye fomu haimwoni.

Kuna watakaosema kila mahali wakubwa ndio wanatawala. Ndiyo, na sina shida na wimbo kukaa juu muda mrefu kama umekaa kihalali. Rapa Lil Nas X mwaka 2019 alikaa namba moja Marekani wiki 19, na ukitaka kujua kwa nini unaambiwa: Hot 100, chati ya singo ya Billboard, inachanganya mauzo, redio na kustrimu (kusikiliza mtandaoni). Uingereza wameandika mpaka uwiano, kwamba msikilizaji anayelipia akisikiliza mara 100 ni sawa na nakala moja kuuzwa, wa bure ni mara 600. Machi 2017 mwimbaji wao Ed Sheeran alitoa albamu, nyimbo zake 16 zikajaa kwenye ishirini bora kwa wiki moja. Wenye chati waliona aibu, mwaka huohuo wakaweka sheria kuwa msanii mmoja asizidi nyimbo 3 kwenye chati. Unaweza kuipinga sheria hiyo, wapo wanaoipinga, lakini unaipinga ukiwa umeisoma. Mimi nitapinga nini? "Vigezo vya ndani"?

Halafu hii ya YouTube, maana najua wasanii wetu wataikimbilia. Ule ukurasa wa zinazovuma, ambao mtu alikuwa anaposti picha yake na namba moja ya dhahabu kama amerudi na kombe, YouTube wenyewe walitangaza Julai 2025 kwamba wanauondoa. Na tangu Septemba 2019 walishasema watazamaji waliopatikana kwa matangazo ya kulipia hawahesabiwi kwenye chati zao za muziki. Kwa hiyo hata kampuni yenyewe inajua kuna watazamaji wa kununua. Ila kwenye redio zetu mtangazaji bado anasoma "milioni kadhaa ndani ya siku kadhaa" kama aya.

Na ile kitu nyingine tusiizunguke. Huyo kijana wa Mburahati alipeleka wimbo wake kituoni (si hichohicho, kingine). Akaambiwa wimbo mzuri, ila "unahitaji kusukumwa". Bei ya kusukuma ilikuwa kubwa kuliko gharama ya studio aliyorekodia, ukijumlisha na nauli zote. Marekani mambo haya yalianza kuchunguzwa na Bunge mwaka 1959, na DJ mkubwa kabisa wa wakati ule, Alan Freed, alipoteza kazi, baadaye akakiri mashtaka ya kupokea hongo. Hapa kwetu inaitwa hela ya soda. Soda gani inanunuliwa kwa mshahara wa mwezi?

Msiniambie kuhesabu hakuwezekani. COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki Tanzania, Januari 2022 waligawa mirabaha ya kazi zilizotumika kwenye redio na televisheni. Kama hesabu inapatikana ya kugawia pesa, ya chati inashindikanaje?

Najua pia kuna mtu anaandika sasa hivi: "Wewe mwenyewe unachoma nyimbo za watu, ni mwizi, unadai haki gani?" Sawa. Nimesikia, na sikatai kwamba msanii hapati chake kwangu, linanisumbua zaidi ya unavyodhani. Fungua uzi wake, nitakuja kujibu. Lakini mwizi anajua kitu kinachotafutwa sokoni, haibi kisichotakiwa. Daftari langu halina mdhamini.

Ninachotaka ni kidogo. Kabla hamjasoma kumi bora, dakika moja tu, semeni: wiki hii kura zilikuwa ngapi, kura zina uzito gani, mapigo ya redio yana uzito gani, wiki inaanza siku gani na inaisha siku gani. Wimbo uliotoka leo saa sita usubiri wiki ijayo. Na kama nafasi namba moja imelipiwa, semeni imelipiwa, tutausikiliza kama tunavyosikiliza tangazo la sabuni.

Nyongeza, saa nne usiku: Wanaonifuata PM kutaka jina la kituo, sitawapa, nina watoto wa kulisha na hiki kibanda hakina uzio. Mdau aliyeuliza daftari linasemaje kuhusu wimbo wa mwaka: ni ile ya Mburahati, na iliyofuata iko mbali. Ya tatu ni kwaya, mama wa genge ametuma salamu.

Na kama kuna mtu wa kituo anasoma hapa, nafungua saa mbili asubuhi, nafunga saa tatu usiku, Jumapili baada ya ibada. Simu naipokea hata nikiwa na foleni.